Mwasumini umejaa majani, maua hakuna

SWALI: Nina mwasumini kwenye chungu barazani, mwaka wa tatu sasa. Naumwagilia kila siku na kuutilia samadi ya kuku kila mwezi. Majani tele, lakini maua ni ya kuhesabu. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Unaulisha kupita kiasi na kuunyima jua. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, ambayo hukuza majani na kuchelewesha maua. Isimamishe kwa miezi miwili, kisha utumie mboji iliyooza vizuri, kidogo kidogo.

Toa chungu barazani ukiweke mahali penye jua la saa sita hivi kwa siku. Maji nayo si ya kila siku: tia kidole kwenye udongo, na ukikuta sentimita 2 za juu zimekauka, ndipo umwagilie. Chungu kiwe na tundu chini, maana maji yakituama mizizi huoza.

Usiogope mkasi. Mwasumini huchanua kwenye machipukizi mapya, hivyo kila maua yanapokwisha, punguza matawi kwa theluthi moja. Vijiti usivitupe. Chukua vya sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Ndivyo mmea huu unavyozalishwa, kwani ni nadra kutoa mbegu.

Maua yakirudi na ukataka ya kikuba, chuma matumba jioni kabla hayajafunguka. Asumini hufunguka usiku, na hapo ndipo hunukia zaidi.