Wenzangu wa shule bado wananiita "Bendera", niende kwenye sherehe yao?

*Salaam, mshauri. Mimi ni mama lishe hapa Morogoro, nina watoto watatu na wajukuu. Hivi karibuni mwenzangu niliyekaa naye dawati moja alinitafuta mpaka akanipata, akaniunganisha kwenye kundi la WhatsApp la tuliomaliza darasa la saba mwaka 1984 katika shule yetu ya kijijini, wilaya ya Kilosa. Nilifurahi mpaka nikatoa machozi. Humo wanakumbushana mchakamchaka wa alfajiri, shamba la shule, kengele ya rimu ya gari. Siku ya pili tu, kaka mmoja ambaye sasa ni ofisa mkubwa Dodoma akaandika: "Jamani, Bendera naye yumo? Bado ana viraka?" Watu wakacheka sana. Jina hilo walinipa kwa sababu sketi yangu ya bluu ilikuwa na kiraka cha kaki, kingine cheupe na kingine cha khanga. Tangu hapo sijaandika neno. Sasa wanapanga kukutana shuleni mwezi Agosti, mchango shilingi 100,000 pamoja na fulana. Wanaozungumza humo karibu wote walikwenda sekondari, mimi sikuchaguliwa. Binti yangu anasema nijitoe kimyakimya. Lakini yule wa dawati natamani sana kumwona. Nifanye nini?*

Dada yangu, pole, na asante kwa kuandika. Usijitoe. Ukiondoka kimya, wao hawatajua wamekosa nini, na wewe utampoteza mtu mmoja aliyekutafuta mpaka akakupata.

Niseme kwanza kuhusu viraka. Wewe umemaliza 1984, maana yake uliingia darasa la kwanza mwaka 1978, mwaka vita vya Kagera vilipoanza. Miaka iliyofuata nchi haikuwa na fedha za kigeni, na sabuni, khanga na mafuta ya taa vikawa vya mgawo au vya kulangua. Hata mzazi mwenye pesa mfukoni alipanga foleni dukani akarudi bila kitambaa. Mama yako alikata suruali kuukuu na khanga iliyochakaa ili usikae nyumbani. Sketi ile ilikufikisha darasa la saba. Sioni cha kuona haya hapo, na nakuomba na wewe usikione.

La sekondari naona ndilo linalokuuma zaidi, ingawa umelitaja kwa mstari mmoja. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi, na kuanzia 1977 madarasa yakafurika. Sekondari hazikuongezwa kwa kasi hiyo. Serikali iliamua hivyo kwa makusudi, kwa kuwa tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 darasa la saba lilihesabiwa kuwa elimu kamili ya kumwezesha mtu kuishi kijijini. Nafasi chache za shule za serikali ziligawanywa kimkoa na kiwilaya, na waliochaguliwa hawakufika hata mmoja kati ya kila kumi waliomaliza. Wengine waliosonga mbele miaka ile walilipiwa shule za Jumuiya ya Wazazi au za mashirika ya dini, na kwa hilo ilitegemea baba alikuwa na nini. Majina yalipobandikwa na lako halikuwemo, haikupimwa akili yako peke yake. Umelibeba hilo miaka yote hii kama kosa lako, dada. Litue.

Sasa la kufanya. Anza na yule wa dawati, na umpigie simu, usimwandikie. Mweleze jinsi lile jina linavyokuchoma. Aliyekaa nawe kwenye dawati moja na kuchangia nawe kifutio hatashangaa, huenda anakumbuka kuliko unavyodhani.

Kisha mwandikie yule kaka pembeni, wengine wasione. Andika hivi: "Kaka, nimefurahi kukupata tena. Jina la Bendera liliniumiza tukiwa watoto na bado linaniumiza. Naomba uniite kwa jina langu." Ishia hapo. Usieleze umaskini wa kwenu wala usiombe radhi kwa kuumia. Mimi nadhani ataona haya na atakuomba msamaha, kwa sababu wanaume wengi wa umri huo wanayakumbuka majina ya utani kama mapenzi ya utotoni, na hakuna aliyewahi kuwaambia vinginevyo. Akirudisha mzaha, mweleze kiongozi wa kundi ili aukemee. Huyo naye akishindwa, ondoka kwa kuaga, na mwenzio wa dawati mwalike kwako Morogoro mle na kuzungumza mpaka usiku.

Kuhusu mchango, usikope na usiguse mtaji wa biashara. Mwambie mweka hazina una kiasi gani na utamaliza lini. Fulana unaweza kuiacha.

Halafu kuna jambo moja ambalo hukuniuliza. Wakijua kazi yako, kuna atakayesema, "Basi chakula atatupikia mwenzetu." Kataa. Najua ungependa kuwaonyesha ubwabwa wako, na najua wangekulipa. Lakini ukikubali utashinda jikoni na moshi huku wenzako wakikaa chini ya mwembe wakikumbushana, nawe utarudi nyumbani bila kuzungumza na mtu. Siku hiyo wewe ni mwanafunzi wa 1984 kama wao. Kaa, upakuliwe.

Na kabla ya Agosti, andika kumbukumbu moja kwenye kundi, yoyote uipendayo: nani alijificha siku ya kupalilia shamba, mwalimu gani wa zamu aliogopwa, wimbo gani mliuimba mkikimbia mchakamchaka kabla jua halijachomoza. Mpaka sasa wanaosimulia ni wale ambao shule iliwaendea vizuri, na habari za darasa lenu bado ni nusu.

Nanyi mnaoongoza makundi ya mliosoma pamoja, nawaomba jambo moja. Mkimpata mwenzenu aliyepotea miaka mingi, mkaribisheni kwa jina alilopewa na wazazi wake. La utani alitaje mwenyewe akipenda.