Kuamsha Injini ya Dizeli Penye Baridi Kali
Katika mji wa Winnipeg, nchi ya Kanada, baridi ya Januari yaweza kushuka hata digrii 30 za sentigredi chini ya sifuri. Lori likilala nje, asubuhi huenda lisiwake kabisa. Sababu ni hii: injini ya dizeli haina plagi za cheche, mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda, na chuma chenye baridi huinyang'anya hewa joto hilo. Tena oili huwa nzito kama asali, na betri hupungukiwa na nguvu.

Kwa hiyo watu wa huko hutia katika injini kipasha-joto cha umeme, ambacho huyapasha moto maji yake. Wengi hukiacha usiku kucha, nako ni kupoteza fedha bure: cha wati 1000 hula uniti 10 kwa saa 10. Saa ya kuwashia, ikitegwa saa kumi alfajiri kwa safari ya saa moja asubuhi, hutumia uniti 3 tu, na injini huwa tayari. Dereva auchomoe waya kabla ya kuondoka. Wapo waliosahau wakauburura njiani.