Kupanda Milima kwa Baisikeli: Nguvu za Leo na Nguvu za Kesho

Karibu sote hapa shuleni twajua kuendesha baisikeli. Lakini kuzunguka uwanjani ni jambo moja, na kupanda milima siku mbili au tatu mfululizo ni jambo jingine. Elimu yake si kubwa, wala haihitaji fedha. Mimi niliipata kwa hasara, nami nitaieleza hapa ili mwenzangu aipate bure.

Likizo iliyopita mjomba wangu nami tulifunga safari kutoka Mombo kwenda Mtae, katika milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Tulikwenda kwa ajili ya arobaini ya babu, yaani baba yake mjomba. Nauli ya basi tuliona afadhali inunue mchele wa shughuli. Mpango wetu ulikuwa huu: siku ya kwanza Mombo hadi Lushoto, kilomita 33; siku ya pili Lushoto hadi Mtae kupitia Magamba na Lukozi, zaidi ya kilomita 50; na asubuhi ya siku ya tatu dua ingesomwa.

Tuitazame kwanza siku ya kwanza kwa hesabu. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto kama mita 1,400. Kwa hiyo mpandaji hupanda mita 1,000. Mimi, baisikeli na mzigo wangu tulikuwa na kilo 80. Kwa kanuni tuliyofundishwa darasani, kazi ya kuinua kilo 80 kwa mita 1,000 ni 80 × 10 × 1,000, yaani juli 800,000. Kazi hii haipungui wala haizidi, uende mbio au uende pole. Kinachobadilika ni kazi ifanywayo katika kila sekunde. Ukipanda kwa saa mbili na nusu, yaani sekunde 9,000, miguu yako yatoa wati 89 hivi. Ukipanda kwa saa nne, yatoa wati 56 tu. Na hapo hatujahesabu upepo wala msuguano wa magurudumu.

Je, kama kazi ni ile ile, kwa nini mwenye mbio achoke zaidi? Jibu limo mwilini. Misuli huchoma akiba za namna mbili: mafuta, na wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini, uitwao glikojeni. Mafuta ni mengi, lakini huungua polepole. Glikojeni huungua upesi, lakini ni chache: kwa mtu mzima ni gramu 400 au 500 hivi. Aendaye pole hutumia mafuta zaidi na kuitunza glikojeni. Aendaye mbio huimaliza glikojeni, na ikiisha yaweza kuchukua siku nzima ya kula vizuri ili irudi. Basi mwenye mbio leo amekopa nguvu za kesho.

Nami nilikopa. Nilitaka mjomba aone ya kuwa mwanafunzi wa bweni ana miguu. Nilisimama juu ya pedali katika kila kona, nikapita Soni bila kuyatazama maporomoko ya maji, nikafika Lushoto saa moja na nusu mbele yake. Njiani sikula kitu. Mjomba alikuja taratibu, anatafuna kiazi kitamu, akaniambia, "Mjomba, Mtae ni kesho." Nikacheka.

Kesho yake, katika mpando wa Magamba, magoti yalianza kutetemeka, jasho likawa la baridi, na macho yakaona giza. Nililala chini ya mti muda mrefu. Kisha nikawa nasukuma baisikeli hata mahali ambapo mtoto angeiendesha. Mjomba aliweza kutangulia peke yake, lakini alikataa kuniacha. Tulipofika Lukozi jua lilikuwa linakuchwa, tukaomba mahali pa kulala. Siku ya tatu tulifika Mtae, tukawakuta akina mama wanasugua masufuria. Dua ya babu ilikwisha kusomwa, na mwanawe hakuwapo. Mchele wetu ulikuwa bado umefungwa kwenye baisikeli. Mjomba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kutokana na hayo, nimeandika kanuni hizi:

Kwanza, panga safari yote kabla ya kupanda, kisha uulize siku iliyo ngumu kuliko zote ni ipi. Mwendo wa siku ya kwanza upimwe kwa siku hiyo.

Pili, jipime kwa maneno. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wako unafaa. Ukishindwa, punguza.

Tatu, kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu. Mwili hugeuza kama robo tu ya chakula kuwa mwendo. Iliyobaki huwa joto. Kwa hiyo zile juli 800,000 zadai chakula cha juli 3,200,000 hivi. Chukua ndizi na viazi, ule kidogo kidogo kila saa, na ukifika ule mapema, usingoje usiku.

Nne, usione haya kushuka na kusukuma. Baisikeli isiyo na gia, mlima ukisimama, humaliza miguu upesi. Mwenye kusukuma naye anakwenda.

Tano, kushuka nako kuna kipimo chake. Breki zikikamatwa mfululizo hupata moto, na mikono huchoka. Punguza mwendo kabla ya kona, na usimame mara kwa mara ili breki zipoe.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu ziliishia Magamba. Likizo ijayo, Mungu akipenda, tutakwenda tena Mtae kulizuru kaburi la babu. Mjomba atatangulia, nami nitamfuata nyuma.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne