SOMO LA ROBO HII: Teknolojia Katika Nyumba za Wageni – Tuchukue Lipi, Tuache Lipi?



Katika sharika na vituo vyetu vingi, hosteli au nyumba ya wageni ni mradi unaotegemewa. Mapato yake hulipa mishahara, ada za watoto wanaosaidiwa na gharama ambazo sadaka peke yake haziwezi kuzibeba. Kwa hiyo, maombi ya kununua mitambo mipya yanapofika mezani, hatuna budi kuyapima kwa makini. Lengo la somo hili ni kuzisaidia kamati kufanya upimaji huo, na kuwaonyesha wafadhili maswali tunayojiuliza kabla ya kutumia fedha zao.

1. Kuweka nafasi na kulipa

Badiliko kubwa limetokea kabla mgeni hajafika mlangoni. Booking.com, iliyoanza Uholanzi mwaka 1996, humwezesha mtu aliye mbali kuona picha za chumba, kusoma maoni ya waliowahi kulala hapo na kuweka nafasi. Huduma hii si ya bure. Mwenye nyumba hukatwa kamisheni, ambayo mara nyingi ni karibu asilimia 15. Kwa chumba cha shilingi 40,000, hizo ni shilingi 6,000. Kamati ipime kama wageni wapya wanazidi makato hayo.

Kuhusu malipo, M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008 na sasa malipo ya simu yamezoeleka hadi vijijini. Fedha zikilipwa kwenye namba ya kituo badala ya mkononi, kila malipo huacha kumbukumbu ambayo mkaguzi anaweza kuilinganisha na daftari la wageni.

2. Ufunguo wa chumba

Hoteli nyingi zimeacha funguo za chuma na kutumia kadi, na nyingine humruhusu mgeni kufungua mlango kwa simu yake. Kadi ikipotea hufutwa, na kitasa hakibadilishwi.

Hata hivyo, hoteli ya Romantik Seehotel Jägerwirt huko Austria ilivamiwa na wahalifu wa kompyuta. Mfumo ulifungwa, na mapokezi wakashindwa kutengeneza kadi mpya. Mwenye hoteli alilazimika kulipa bitcoin 2, wakati huo kama euro 1,500. Baadaye alitangaza kwamba atarudi kwenye funguo za kawaida. Funzo letu ni kwamba kila mtambo uwe na njia mbadala siku unapogoma, hasa pale umeme unapokatika mara kwa mara.

3. Roboti badala ya watumishi

Julai 2015, hoteli iitwayo Henn na Hotel ilifunguliwa mkoani Nagasaki, Japani. Wageni walipokelewa na roboti, mmojawapo akiwa na umbo la dinosaria. Nia ilikuwa kupunguza gharama za watumishi. Mambo yakawa kinyume. Roboti wa mapokezi hawakuweza kunakili pasipoti, ikabidi watu wafanye kazi hiyo. Wabeba mizigo walifika kwenye vyumba vichache tu. Kifaa kilichowekwa vyumbani kiliudhani mkoromo wa mgeni kuwa ni maneno, kikamwamsha usiku kumwuliza anataka nini. Kufikia mwaka 2019 zaidi ya nusu ya roboti 243 walikuwa wameondolewa.

Hatusemi kwamba mashine hazifai. Tunasema zipewe kazi zinazoziweza, kama hesabu, kumbukumbu na taarifa za vyumba vilivyo wazi, ili mhudumu apate nafasi ya kumkaribisha mgeni. Hosteli zetu pia huwapa ajira vijana wetu. Mtambo unaomwondoa kijana kazini una gharama isiyoonekana kwenye ankara.

4. Taarifa za mgeni

Mwaka 2018 kampuni ya Marriott ilitangaza kwamba wahalifu walikuwa wameingia katika kumbukumbu za wageni wa hoteli za Starwood tangu 2014. Kumbukumbu zipatazo milioni 339 ziliguswa, zikiwemo namba za pasipoti. Oktoba 2020 Uingereza iliitoza faini ya pauni milioni 18.4.

Jambo hili linatuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili na Tume husika na kuzilinda taarifa hizo. Daftari lenye namba za vitambulisho likiachwa wazi mezani ni hatari sawa na kompyuta isiyo na nywila.

Mapendekezo yetu

Tuanze na yale ya gharama ndogo: malipo ya simu kwa namba ya kituo, kumbukumbu sahihi na ulinzi wa taarifa. Kadi za milango zifuate pale tu ambapo umeme ni wa uhakika na kuna fundi wa karibu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika miezi mitatu iliyopita, wageni wetu wamelalamikia nini zaidi? Je, mtambo unaoombwa unaondoa lalamiko hilo?
2. Ukiharibika, nani atautengeneza, kwa fedha zipi?
3. Nani anaona taarifa za wageni wetu, na zinatunzwa wapi?
4. Ni mtumishi gani atahitaji mafunzo, na ni yupi kazi yake iko hatarini?

Tunaomba majibu yenu yaandikwe katika muhtasari wa kikao na kuambatanishwa na kila ombi la fedha.