SOMO: KUCHAGUA BETRI MPYA YA TREKTA NDOGO

Wasomaji wetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega mwajua jinsi mambo yalivyo mwezi wa Novemba. Mvua za kwanza zikinyesha ardhi hulainika, na kila mkulima hutaka kulima siku ile ile, kwa maana mbegu za pamba hupandwa tangu katikati ya mwezi huo, nayo mvua haimngoji mtu. Ndipo trekta ndogo iliyolala bandani kiangazi chote hukataa kuwaka. Mwenyewe hukimbia mjini akanunua betri ya kwanza aionayo dukani, na baada ya miezi michache hurudi kununua nyingine. Trekta moja hulimia watu wengi. Basi ikisimama siku tatu, si mwenyewe peke yake apataye hasara, bali na majirani waliokwisha lipa fedha zao wakingoja zamu.

Hapana mtu wa Usukuma awezaye kununua dume la kulimia mnadani bila kulitazama meno, kwato na mabega. Lakini mtu yule yule hununua betri kwa kupendezwa na rangi ya sanduku au kwa wepesi wa bei. Twapenda leo kuonyesha meno ya betri yalipo, ili mnunuzi ajue atazamapo.

BETRI NI KITU GANI

Betri ya trekta ndogo ni sanduku lenye vyumba sita. Katika kila chumba mna bamba za risasi zilizozama katika maji makali, yaani tindikali iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa volti mbili na kidogo, na vyote sita vikiungwa hupata volti 12. Werevu huu ulivumbuliwa na Mfaransa aitwaye Gaston Planté mwaka 1859, na asili yake ni ile ile hata leo. Kazi ya betri ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, ili stata izungushe injini ya dizeli, ambayo ni nzito kuzungusha. Injini ikisha kuwaka, alteneta huirudishia betri nguvu iliyotumika.

Nchi za theluji adui wa betri ni baridi. Huku kwetu adui ni joto, kwa kuwa joto hukausha maji yake na kuharakisha kuliwa kwa risasi iliyo ndani. Kwa hiyo betri iliyoachwa juani mchana kutwa haitadumu kama iliyowekwa kivulini.

JE, IMEKUFA KWELI?

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba betri ya zamani ndiyo yenye kosa. Mara nyingi kosa ni unga mweupe au wa kijani uliofunika vichwa vyake, au waya uliolegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Safisha vichwa kwa maji yaliyoyeyushwa magadi kidogo, ukiangalia sana yasiingie ndani ya vyumba, maana magadi huua tindikali. Kisha suuza, kausha, na kaza waya.

Baada ya hayo chaji betri hata ijae, iache usiku mmoja bila kuifunga katika trekta, na asubuhi fundi aipime kwa mita. Ikionyesha volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, 12.0 ni karibu na kwisha. Betri iliyojazwa jana, nayo leo imeshuka hivyo pasipo kutumika, haifai tena. Tena ipimwe wakati stata inapozunguka: betri nzima haishuki chini ya volti 9.6.

Mwisho, pima injini ikinguruma. Yapasa mita ipande kati ya volti 13.8 na 14.5. Isipopanda, kosa li katika alteneta au mkanda wake, na betri mpya utakayoinunua itakufa vile vile kama ya kwanza.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA DUKANI

Kwanza, kipimo. Nenda dukani na betri ya zamani, au uandike urefu, upana na kimo chake. Betri iliyo ndogo kuliko kitako chake itarukaruka shambani, na mtikisiko huvunja bamba za ndani. Iliyo ndefu mno kwenda juu yaweza kugusa chuma cha kifuniko ikatoa cheche.

Pili, vichwa. Tazama kichwa cha chanya kiko upande gani, na unene wake. Katika betri zenye alama za Kijapani, kama 75D26L, namba 26 ni urefu wa sanduku kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, yaonyesha upande wa kichwa cha chanya. Ukinunua L mahali pa R, waya hazitafika. Na mwenye kuzivuta kwa nguvu aweza kuzifunga kinyume akaiunguza alteneta.

Tatu, nguvu. Akiba ya betri huandikwa kwa Ah. Ile iitwayo N50 ina Ah 50, na N70 ina Ah 70. Nguvu ya kuwasha huandikwa CCA, nayo hupimwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Fuata namba iliyomo katika kitabu cha trekta. Kuzidi kidogo si vibaya, lakini usipungue. Baridi ya namna hiyo haiko Simiyu, basi usikubali kulipa fedha nyingi kwa CCA kubwa usiyoihitaji.

Nne, aina. Betri ya maji yataka kutazamwa mara kwa mara, na kupunguapo huongezwa maji safi ya betri, si ya kisima, wala si tindikali. Iliyofungwa haiongezwi maji. Yafaa kwa mtu asiye na nafasi ya kuitazama, ila bei yake huwa kubwa zaidi. Jihadhari na betri ya umeme wa jua. Hiyo imeumbwa kutoa nguvu kidogo kidogo usiku kucha, haikuumbwa kuzungusha stata. Vivyo hivyo betri ya trekta isipelekwe nyumbani kuwasha taa na redio, kwani kila ikaushwapo kabisa umri wake hupungua.

Tano, umri. Betri huzeeka hata rafuni. Mwambie mwenye duka akuonyeshe tarehe ya kutengenezwa. Iliyopita miezi sita bila kuchajiwa, iache. Omba ipimwe mbele yako, na upewe stakabadhi na hati ya dhamana yenye tarehe.

KUIFUNGA

Zima injini. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Katika kufunga, anza na chanya, umalize na hasi. Usivute sigara hapo, maana betri hutoa hewa iwezayo kulipuka. Tindikali ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi. Ikiingia machoni, osha kwa muda mrefu na uende hospitali. Trekta isipolima kwa majuma mengi, fungua waya wa hasi, na uichaji betri kila mwezi.

BETRI KUUKUU

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, nayo ni sumu. Huharibu akili za watoto, na hapana kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wenyeji walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo. Lakini fedha haimrudishii mtoto afya yake. Basi usiipasue betri nyumbani, usiyeyushe risasi yake kwa kutengeneza vyuma vya nyavu, wala usimwage maji yake karibu na kisima. Irudishe kwa muuzaji. Wengi hupunguza bei ya mpya kwa kupokea ya zamani.

Wenye trekta na viongozi wa vyama vya ushirika, ipimeni betri mwezi wa Septemba, wakati jua lingali kali na fundi angali na nafasi. Nanyi walimu, wasomeeni somo hili wasiojua kusoma, maana nao huzilipia trekta hizo ziwalimie.