Springi, Shoki na Kona: Jinsi ya Kulituliza Gari la Nyumbani

Ukipita Kirinyaga Road jijini Nairobi, ile barabara ambayo wengi bado huiita Grogan, utayakuta magari ya nyumbani yamepandishwa jeki kama wagonjwa wodini. Mengi ni saluni za Kijapani, Corolla na jamaa zake. Malalamiko ya wenyewe hayapishani sana: "Hii gari inalala kwa kona, na inagonga chini kwa matuta." Dawa nayo hutolewa upesi: "Mzee, tutie spesa, iinuke." Je, hiyo ni dawa kweli? Swali hili si la mzaha, maadamu gari lilo hilo ndilo litakalowabeba mama, watoto na nyanya kwenda mashambani mwezi wa Desemba.

Kwanza tujue kila kifaa kina kazi gani. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shoki, au shokabzoba kwa jina lake refu, haibebi kitu. Ni mtungi wenye mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likiingia shimoni, springi hubanwa, kisha hutaka kuruka juu na chini kama mtoto aliyepewa pipi. Mafuta yanapolazimishwa kupita kwenye vile vitundu, nguvu za mruko hugeuka kuwa joto na gari hutulia. Bushi ni raba zinazoishikilia mikono ya magurudumu isichezecheze. Stebilaiza ni ule mchuma uliopindwa unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale sana upande mmoja. Katika magari mengi madogo, springi na shoki za mbele zimepangwa pamoja katika nguzo moja, mtindo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940.

Haya, sasa tuingie kwenye kona. Hapa fizikia ya darasani inatufaa kuliko porojo za gereji. Tuseme gari na abiria wake ni kilo 1,200, upana kati ya magurudumu ni mita 1.45, na kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya barabara. Gari linakata kona yenye nusu-kipenyo cha mita 70 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Piga hesabu: nguvu inayohitajika kuligeuza ni kama nyutoni 4,760. Zidisha kwa urefu wa kitovu, gawanya kwa upana wa magurudumu, utapata nyutoni 1,640 hivi. Yaani uzito wa kilo 167 umehama kutoka matairi ya ndani ya kona kwenda yale ya nje.

Tazama vizuri mlingano huo. Springi iko wapi? Haimo! Watu wengi hudhani springi ngumu huzuia uzito kuhama. La, hasha. Springi ngumu huzuia bodi kulala, lakini uzito huhama karibu vilevile. Kinachouhamisha ni mwendo, urefu wa kitovu na upana wa gari. Basi mwenye kutia spesa za sentimita 5 ameinua kitovu karibu kiasi hicho, na ile kilo 167 imekuwa kilo 184. Ameponya tumbo la gari lisigongwe na tuta, lakini ameuongeza ugonjwa wa kona. Isitoshe, mkono wa chini wa gurudumu sasa umening'inia, jointi za ekseli zinafanya kazi zikiwa zimepinda, paipu za breki zimevutwa, na magurudumu hayatazami tena mbele sawasawa. Matairi yataliwa upande mmoja kabla mwaka haujaisha. Gari likishainuliwa bila kurudishwa kwenye alaimenti, kazi hiyo ni nusu tu, hata kama fundi amelipwa zote.

Keria nayo? Gunia la mahindi la kilo 90 likifungwa juu ya paa, mita 1.55 kutoka ardhini, kitovu cha gari letu kinapanda kwa sentimita 7 hivi. Hiyo ni zaidi ya spesa! Gunia hilohilo likilazwa kwenye buti, kitovu hakipandi hivyo, ingawa nyuma ya gari italala kidogo.

Wako wanaofanya kinyume, vijana hasa. Wao hukata springi ili gari liwe chini kama la mashindano. Kweli kitovu kitashuka. Lakini springi ya mizunguko 6 ikikatwa mmoja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20, nayo nafasi ya kubanyea hupungua. Kwenye shimo la kwanza, gari linagonga raba ya kikomo, tairi linaruka, na tairi lililo hewani haligeuzi gari wala haliwezi kulisimamisha. Zaidi ya hayo, springi iliyokatwa haikai vizuri kitini mwake. Gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka.

Ukitaka springi ngumu, nunua iliyotengenezwa hivyo. Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni tunayoisoma maabarani: mvuto na mnyumbuko huenda sambamba. Ugumu wa springi za gari hutegemea sana unene wa waya. Waya wa milimita 12 ukibadilishwa kuwa wa 13, mengine yakibaki yalivyo, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 38. Milimita moja tu! Ndiyo maana kubahatisha springi kwenye rundo la vyuma vikuukuu, ati kwa kuwa "inaingia," ni hatari: ya kushoto ikiwa nene kuliko ya kulia, gari litakuwa na tabia mbili, moja kwa kila kona.

Wala msidhani ulaini ni dhambi. Peugeot 504, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1968, lilikuwa na springi laini zenye safari ndefu, na bado Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975. Gurudumu lake lilikuwa na nafasi ya kushuka shimoni na kupanda tena bila kuiacha ardhi, nazo shoki zilijua kuizuia ile springi.

Kwa hiyo mwenye saluni ya kawaida aanzie wapi? Mimi ningeanzia chini kabisa, kwenye matairi, kwa kuwa hayo pekee ndiyo yanayogusa barabara. Upepo ulingane na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha shoki. Kandamiza kona moja ya gari kwa nguvu, uachilie: likipanda na kutulia, huenda ni nzima, likicheza kama mashua bandarini, au ukiona mafuta yamevuja kwenye mtungi, zimekwisha. Zibadilishwe mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Bushi na boljointi zikaguliwe siku hiyohiyo, maana ni aibu kununua shoki mpya kuitia kwenye mkono unaochezacheza kama jino la mtoto. Magari mengi yanayosemwa ni ya kuyumba yanakuwa mapya hapo tu, kabla ya kununuliwa springi yoyote.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie stebilaiza nene. Kifaa hiki ni kitamu, lakini kina ujanja. Jozi ya matairi hushika barabara vizuri zaidi yakigawana uzito sawa. Moja likilemewa sana, jumla ya mshiko wao hupungua. Sasa, stebilaiza ngumu ya nyuma hufanya uzito mwingi zaidi uhamie upande wa nje nyuma, na kidogo mbele. Saluni inayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo kwa kawaida hutaka kwenda moja kwa moja kwenye kona, itageuka kwa utiifu zaidi. Lakini mvua ikinyesha na dereva akatoa mguu ghafla katikati ya kona, mkia unaweza kumpita. Kwa gari la familia, ningebaki na ya kiwandani.

Na mwendo je? Rudi kwenye kona yetu ya mita 70. Ukitoka 60 hadi 80 kwa saa, ile kilo 167 inakuwa karibu 298. Hakuna duka Grogan linalouza springi ya kuirudisha.

Zoezi: Gari lilelile la kilo 1,200 limeinuliwa, kitovu kiko sentimita 55, na linakata kona ileile kwa kilomita 70 kwa saa. Ni uzito gani unaohama? Atakayepata karibu na kilo 250 amefahamu; atakayepata 25 aangalie tena pale alipogeuza sentimita kuwa mita.