Mgeni Wetu Alilala Wapi?

SOMO LA WIKI KWA USHIRIKA WA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 4:8-11; Waamuzi 19:14-27; Luka 10:33-35

Lengo la somo: Kutambua kwamba kumkaribisha mgeni ni pamoja na kujua analala wapi na mlango wake unafungwa vipi.

Somo la wiki hii linaanzia kwangu mimi mwenyewe, na halinisifu. Naomba ulisome mpaka mwisho.

USIKU WA ELDORET

Nilikuwa nasafiri kwa basi kutoka hapa Mombasa kwenda Malaba, kwenye mazishi ya shemeji yangu. Basi likaharibika njiani. Tukaingia Eldoret saa saba usiku, tukaambiwa safari itaendelea asubuhi, kila mtu ajitafutie pa kulala. Sisi watu wa Likoni tumezoea kujifunika leso moja na dirisha wazi. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haina mzaha.

Kijana wa boda boda akanipeleka kwenye lojing'i moja. Shilingi mia tano. Mhudumu alipokea pesa kwanza, akanipa kipande cha sabuni na ufunguo uliofungwa kwenye kijiti. Hakuniuliza jina wala kitambulisho. Nilipoingia chumbani na kugusa shuka, nilikuta bado lina joto la mtu aliyetoka. Nikainua godoro, nikaona kunguni wanakimbilia kwenye mshono. Nikarudi mlangoni nifunge. Ufunguo ulizunguka lakini kitasa hakikushika. Komeo nalo lilikuwa limeng'olewa, yamebaki matundu ya misumari tu.

Kama saa nane na nusu hivi, mtu akagonga. Nikauliza, "Nani?" Akajibu, "Fungua." Nikauliza tena, na nikasikia mwenzake anacheka. Mpendwa, mimi ni mwanamume wa zaidi ya miaka hamsini, mzee wa kanisa, nimesimama kwenye mikutano ya Injili nikakemea mapepo mbele ya umati. Lakini usiku ule magoti yalinitetemeka. Niliburuta kitanda mpaka nikakizibia mlango, nikakaa juu yake na koti langu mpaka kukapambazuka. Waligonga mara mbili zaidi, halafu wakaenda zao.

Na ni pale nilipokuwa nimekaa juu ya kile kitanda, mgongo umeegemea mlango, ndipo nilipokumbuka kitanda kingine.

KITANDA CHA LIKONI

Miaka kadhaa nyuma kanisa letu lilimwalika mwinjilisti, dada mmoja kutoka upande wa Taveta, atuhubirie kwenye semina ya akina mama. Angelala usiku mbili. Mimi nilikuwa mweka hazina, na kamati ilikuwa imetenga shilingi elfu moja na mia tano kwa kila usiku. Mama watoto akaniambia, "Baba watoto, si aje alale hapa na wasichana wetu?" Nikakataa. Nilimwambia mtumishi wa Mungu hawezi kulala kwetu, choo kiko nje na paa linavuja. Nilidhani naitetea heshima ya mtumishi, kumbe naitetea yangu.

Basi nikazunguka kutafuta chumba, nikapata gesti moja si mbali na feri, mia tano kwa usiku. Niliiona saa tano asubuhi. Ua limefagiwa, kumetulia, kuna mti wa mwarobaini. Nikalipa. Nikarudi kwenye kamati na chenji ya shilingi elfu mbili, wakanipigia makofi. Kwa pesa zile tukanunua waya za spika.

Sikuwa nimeiona gesti ile saa tano usiku. Mchana na usiku ni nyumba mbili tofauti, na watu wa pale mtaani walijua. Mimi sikuuliza mtu.

Asubuhi ya kwanza nilipomfuata nimsaidie kubeba mkoba wake wa vitabu, macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, "Mtumishi, umeamkaje?" Akasema, "Nimekesha, mzee." Nikafurahi! Nilipopanda madhabahuni kumkaribisha, nikawaambia kina mama kwamba mjumbe wetu amekesha katika maombi kwa ajili yao. Kanisa zima likapiga vigelegele. Yeye akainamisha kichwa, akafungua Biblia, akahubiri.

Lakini kuna kitu nilikiona pale chumbani na sikukitilia maanani. Kitanda hakikuwa ukutani. Kilikuwa kimekaa kishoro, karibu na mlango. Nilipita pembeni yake nikachukua mkoba. Ilinibidi nifike Eldoret ndipo nielewe ni nani aliyekisukuma, na kwa nini.

Wapendwa, tulimlaza dada yetu mahali ambapo ilibidi azibe mlango kwa kitanda. Halafu tukamshangilia.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Mshunami alimtazama mgeni kwanza. Katika 2 Wafalme 4, mwanamke wa Shunemu aliona kwamba Elisha hupita kwao mara kwa mara. Akazungumza na mumewe, wakamjengea chumba kidogo juu, wakakiwekea vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Hakuna chochote cha kifahari hapo. Lakini kila kitu kina sababu. Mtu aliyetembea njia ndefu anahitaji pa kujinyoosha, pa kukaa, pa kuweka chakula chake, na mwanga asipapase gizani. Mama yule alijiuliza mgeni anahitaji nini. Mimi nilijiuliza nitarudisha kiasi gani. Angalia pia kwamba wazo lilitoka kwa mke, na mume hakulipinga. Nyumbani kwangu Mshunami alikuwepo, na ni mimi niliyemkatalia.

2. Gibea ni onyo kwa watu wa Mungu. Soma Waamuzi 19 polepole, manake ni sura ngumu. Mlawi yule alikuwa safarini na suria wake. Alikataa kulala Yebusi kwa kuwa ni mji wa wageni, akasogea hadi Gibea, mji wa Waisraeli wenzake, akiamini atakuwa salama. Wakakaa uwanjani na hakuna aliyewakaribisha. Aliyewachukua mwishowe ni mzee mmoja aliyetoka shambani, na huyo naye hakuwa mwenyeji wa pale, alitoka milima ya Efraimu. Usiku watu waovu wakaja kuugonga mlango. Tunajua mwisho wake: mwanamke alitolewa nje, na asubuhi alikutwa amelala mlangoni, mikono yake kizingitini.

Wagongaji walikuwa na hatia kubwa, hilo halina ubishi. Na aliyemtoa yule mwanamke nje ana hatia yake. Lakini msiba ulianza jioni, wakati mji mzima wa watu wa Mungu ulipowapita wageni na kwenda kulala. Wale waliopita hawakumgusa mtu. Walifunga tu milango yao. Mimi nami usiku ule nilikuwa nimelala kwangu, mlango umefungwa vizuri kwa komeo mbili.

3. Msamaria hakumtupa mgonjwa gesti. Mtu atasema, "Mzee, kwani kulaza mgeni gesti ni dhambi?" Hapana. Zipo gesti safi hapa Likoni, Changamwe na Kisauni, na wenye nazo wanajitahidi. Hata Yesu kwenye mfano wake aliweka nyumba ya wageni. Lakini tazama alivyoitumia Msamaria. Alimpeleka yule majeruhi mwenyewe na kumuuguza. Siku ya pili alikuwa bado yuko pale. Alitoa dinari mbili, na tukisoma Mathayo 20:2 tunaona dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa nzima. Kwa hiyo alilipa kazi ya siku mbili kwa mtu asiyemjua. Halafu akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi. Kumbe alikuwepo, alilipa vya kutosha, na aliahidi kurudi. Mimi nililipa kidogo, nikaenda zangu, na sikurudi mpaka asubuhi.

4. Mwenyeji anadaiwa ulinzi. Ukivuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni unafika Kengeleni. Makondakta wanaliita jina hilo kila siku na wengi wetu hatujui limetoka wapi. Mwaka 1875 wamishonari wa CMS walianzisha pale kijiji cha Frere Town, wakawapokea watu waliookolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa. Kengele iliyotundikwa pale ilikuwa ya kuwaonya watu wakati wafanyabiashara ya utumwa walipokaribia. Fikiria hilo. Mtu ametoka kwenye minyororo, amepewa pa kulala, lakini wanaomtafuta bado wanazunguka baharini. Kumpa mkeka tu hakutoshi. Lazima awepo mtu macho na kengele mkononi. Je, mgeni wetu akigongewa usiku, ana namba ya nani ya kupiga? Dada yetu alikuwa na namba yangu. Simu yangu nilikuwa nimeizima nilale vizuri.

NILIPOMPIGIA SIMU

Niliporudi kutoka Malaba nilikaa siku tatu nikiogopa, halafu nikampigia. Nikamwambia nilichokumbuka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, kumbe hukujua? Mimi nilifikiri kanisa halina pesa."

Nikamwambia ukweli. Pesa zilikuwepo, na tulinunua waya.

Akaniambia waligonga usiku wote mbili. Wa pili walimtajia bei. Usiku wa kwanza alitaka kuondoka, lakini feri na barabara hakuzijua, akaona nje ni hatari kuliko ndani. Akasema, "Nilisamehe asubuhi ile ile, mzee, la sivyo nisingeweza kusimama kuhubiri. Lakini mwili wangu haukutaka kurudi Likoni." Hapo nikaelewa kwa nini tulimwalika mara mbili tena, na mara zote mbili akasema ana udhuru. Sisi tulisema amepanda cheo, ametudharau. Mungu atusamehe.

Nimeyasema haya mbele ya kamati na mbele ya kanisa, na mama watoto akiwa ameketi pale pale. Zile shilingi elfu mbili nimezirudisha kutoka mfukoni mwangu, zikaanza mfuko wa wageni. Dada yetu bado hajaja tena kwetu, nami simlazimishi. Kusamehewa ni jambo moja, na kuaminiwa tena ni safari nyingine.

TUFANYE NINI?

Kabla mgeni hajafika, familia moja iulizwe kama inaweza kumlaza. Usione aibu kwa choo cha nje au nyumba ya makuti. Mgeni anataka usafi, chandarua, maji na amani.

Ikibidi alale gesti, waende watu wawili kuikagua, na mmoja awe mama. Waende usiku, si mchana peke yake. Wafunge mlango kutoka ndani waone kama komeo linashika. Wainue godoro. Wafungue bomba. Waulize majirani wawili, hasa kina mama wanaokaanga mihogo hapo nje, manake wao ndio wanajua nani anaingia na nani anatoka.

Mtumishi wa kike aliye peke yake asilazwe gesti peke yake. Dada mmoja wa kanisa alale naye.

Awepo mtu mmoja mwenye simu iliyo wazi usiku kucha, anayekaa karibu. Na asubuhi, kabla ya kumwambia mgeni ibada inaanza saa ngapi, muulize amelalaje. Halafu nyamaza usikilize jibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika 2 Wafalme 4:10, ni kitu gani kati ya vile vinne ambacho nyumba yako inaweza kumpa mgeni wiki hii?

2. Katika Waamuzi 19:15, unafikiri watu wa Gibea walikuwa na sababu gani za kutowakaribisha wageni? Ni zipi kati ya hizo tunazitumia sisi?

3. Je, kuna mgeni, mtumishi au jamaa ambaye tuliona amekasirika au amejitenga, na hatukuwahi kumuuliza alivyokaa kwetu? Nani atampigia simu?

OMBI

Baba katika jina la Yesu, Mwanao alipozaliwa hakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na wewe unajua uchungu wa kukosa pa kulala. Tusamehe kwa wageni tuliowalaza vibaya tukaita hiyo akiba. Waponye wale waliokesha kwa hofu sisi tukadhani wanaomba. Tupe macho ya Mshunami na moyo wa Msamaria. Wote walio njiani usiku huu, kwenye mabasi, kwenye malori na kwenye vyumba wasivyovijua, uwalinde mpaka asubuhi. Amina.